Tulivyopima Lawama kwa Maharagwe

Wiki iliyopita msichana mmoja alibisha hapa kwangu Lanet, amebeba simu pana kama sinia. Alinisalimia vizuri, "Habari ya leo, shosho," akakaa, akaanza kunisomea swali bila kuinua macho. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi nimejiona mtu mbaya, mtu aliyeangusha familia yake? Hakuna, siku chache, siku nyingi, ama kila siku?

Nikamwambia siku chache.

Ilikuwa uongo. Mimi nina wajukuu kumi na mmoja, wanne wamemaliza chuo, mmoja ni nesi, na hakuna niliyemwangusha. Lakini niliona viatu vyake vimejaa vumbi, nikaona nikisema "hakuna" atakuwa ametembea bure. Akabonyeza simu, akashukuru, akaenda. Sasa mahali fulani kuna mashine inayojua kwamba mimi hujilaumu siku chache.

Nyinyi vijana mnaopita nyumba kwa nyumba na hizo simu, nawaandikia kwa sababu ya uongo huo. Kazi yenu niliifanya mimi wakati wengi wenu mlikuwa mnanyonya. Niliifanya vibaya kabla ya kuifanya vizuri, na huko kufanya vibaya kulikaribia kumuua mtu. Kwa hiyo kaeni chini.

Nilisoma hadi darasa la nne, shule ya shambani huko upande wa Njoro. Nilipofika wadi ya wagonjwa wa akili nilikuwa mfagiaji, na niliajiriwa kwa sababu nilikuwa na mikono mikubwa. Hakuna aliyeniambia ugonjwa wa huzuni ni nini. Niliambiwa tu ndoo iko wapi.

Mkubwa wa wadi alikuwa nesi, Sista Chebet, mwanamke mrefu wa kutoka milima ya juu, ambaye alikuwa akicheka mara moja kwa mwezi, na huwezi kujua ni siku gani. Mwaka wa 2007 kulikuwa na mzee mmoja kitanda cha nne, mkulima wa ngano wa Mau Narok. Nikipiga deki, huyo mzee ananiomba msamaha. Amekanyaga pabichi, samahani. Amekohoa, samahani. Siku moja aliomba msamaha kwa ndoo. Nilihesabu mara tisa kabla ya chai ya saa nne.

Nikamwambia Sista, "Huyu mzee ana adabu, kwao walimfunza."

"Hiyo si adabu," Sista akasema. "Kesho akikuomba msamaha, muulize ni wa kosa gani. Keshokutwa umuulize tena. Halafu uniletee majibu yote."

Jumatatu mzee aliniambia kosa lake ni kwamba miaka mingi nyuma alimuuzia jirani ng'ombe kipofu wa jicho moja na hakumwambia. Jumanne kosa likawa ni ugonjwa uliokula ngano ya jirani mwingine; yeye ndiye aliyeuleta, kwa kupita shambani na viatu. Jumatano akasema kuna mtu ametangazwa redioni kwamba amefariki, mtu wa mbali kabisa, na yeye mzee ndiye amesababisha. Nilipompelekea Sista hayo, alinipa kiti. Mfagiaji kupewa kiti na sista, mnajua maana yake.

"Sikia," akasema. "Kosa la kweli lina kwao. Lina siku yake, lina mahali, na ukilitembelea kesho utalikuta palepale. Kosa la ugonjwa halina kwao. Leo linalala hapa, kesho linalala pale, na kila linapolala linanenepa. Ng'ombe wa jicho moja ni kosa. Huyo wa redio ni ugonjwa."

Hilo la kwanza lishikeni. La pili nililiona mwenyewe kwa miaka ya kufagia: msichanganye aibu na lawama. Mwenye aibu huficha uso. Mwenye lawama hatafuti pa kujificha. Yeye hutoa shingo, anangoja mtu wa kuikata. Ukiona mgonjwa anashukuru akifokewa, usimwite mpole.

Basi uchaguzi wa mwisho wa mwaka ukaja, na yaliyofuata mnayajua au mmesimuliwa, makabila kufukuzana na nyumba kuchomwa. Mwezi wa pili mwaka uliofuata nilikuwa nimetolewa kwenye deki na kupelekwa kambini, pale nje ya mji ambapo watu waliokimbia walikuwa wamewekwa kwenye mahema. Sababu haikuwa akili yangu. Sista alipewa kazi ya kutafuta ni nani katika kambi ana ugonjwa wa huzuni, lakini jina lake la Chebet, la kabila la waliowafukuza, lilikuwa likiingia kwenye hema kabla yake. Mwanamke mmoja alimwambia, "Wewe kaa huko huko nje na kalamu yako." Sista alikaa nje. Alivuta kigogo, akakaa. Ndipo akaniita mimi, kwa kuwa nilizaliwa shamba lenye kila kabila, na lugha tatu zinatoka kinywani mwangu bila kugombana.

Wa tatu wetu alikuwa daktari kijana, Nisha, binti wa Muhindi mmoja mwenye duka la mabomba mjini. Msidhani Kiswahili kilimshinda. Alikua nyuma ya kaunta akiuzia mafundi, kwa hiyo alijua kutusi kuliko sisi. Yeye ndiye alikuwa na fomu. Fomu ilikuwa na maswali mengi, ya usingizi, ya hamu ya kula, ya kulia ovyo, na hayo hayakuwa na shida. Mtu atakwambia amelala ama hajalala. Shida ilikuwa lile la kujilaumu. Daktari alitaka tujue mtu anajilaumu kiasi gani, na kiasi hicho kilikuwa mstari kwenye karatasi, kutoka sifuri hadi kumi, na mtu aweke alama.

Kikongwe wa kwanza niliyempa ile karatasi aliweka alama nje ya mstari kabisa, pale juu penye nafasi, akaniambia hapo ndipo pamekaa vizuri.

Nikasema moyoni, hawa watu wamepima mahindi kwa mkebe wa gorogoro na viazi kwa gunia tangu wazaliwe. Mstari ni kitu gani? Nikamwendea daktari.

"Daktari, tuwape maharagwe. Kikombe kimoja na maharagwe kumi kwenye karatasi. Mtu aingie nayo ndani ya hema, peke yake, aweke kikombeni kadiri moyo wake unavyomsuta. Haumsuti, asiweke. Unamsuta mpaka basi, aweke yote. Kisha anirudishie kikombe."

Aliniangalia. "Mama Muthoni, nani amekufunza hiyo?"

"Njaa," nikamwambia.

Akacheka, akaikubali, na mimi nikatembea kambini siku mbili nimeinua kidevu. Darasa la nne! Kiburi changu ndicho kilichoninyima macho, lakini tutafika.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Siku ya pili vikombe vikaanza kurudi vimejaa. Safu nzima ya mahema, kumi, kumi, tisa, kumi. Daktari Nisha akashika kichwa, akasema hawa watu wote walazwe. Nikaenda kwenye hema moja, nikamkuta mama wa watoto watano ananingoja mlangoni.

"Mathe, hebu niambie ukweli. Hii ni ya wiki ama ya mwezi?"

"Nini ya wiki?"

"Posho. Si mnaandikisha maharagwe? Sasa wengine tuko watu saba na kikombe chenyewe ni kidogo hivi. Mimi nimejilaumu sana, unaweza kuniletea gorogoro?"

Nilirudi kwa Sista. Kikombe kimoja kilikuwa na maharagwe kumi na moja. Mtu alikuwa ameongeza ya kwake ili aonekane ana shida zaidi. Kingine kilikuwa na maharagwe yaliyopikwa, na kitunguu, na chumvi. Huyo alisema aliona si vizuri kunirudishia mabichi na mimi nimetembea kutwa.

Siku hiyo ndiyo iliyokuwa ya Sista kucheka.

Tukabadilisha, tukaokota vizibo vya soda, kitu ambacho hakipikwi. Tukatangaza mara tatu kwamba hii si posho. Pia tukaanza kuuliza baada ya uji wa asubuhi, si kabla. Hilo muandike: usimuulize mtu habari ya moyo wake akiwa na njaa, kwa sababu atakayekujibu ni tumbo. Na msimuulize mama mbele ya mama mkwe wake, wala mume mbele ya vijana wake. Ukikuta wamekaa pamoja, omba maji ya kunywa, uongee habari ya mvua, urudi baadaye.

Vizibo vilifanya hesabu ishuke. Ilishuka tukapumua. Lakini ilifika mahali ikakataa kushuka. Daktari Nisha alikaa na karatasi zake juu ya sanduku, akauliza, "Kwa nini hakuna mtu chini ya viwili? Hata yule mzee anayeimba kutwa ameweka viwili. Kambi nzima hakuna mtu mmoja mwenye moyo safi?"

"Yuko mmoja," nikasema. "Nyambura. Yeye amerudisha kikombe kitupu. Mara zote mbili, kwa maharagwe na kwa vizibo."

Nilisema hivyo kwa furaha, kama mtu aliyepata yai.

Nyambura alikuwa mama wa miaka kama ishirini na tisa, ametoka milimani na mume na mtoto wa kike wa miezi sita. Mume alikuwa akishinda mjini akitafuta vibarua. Safu yake yote ilimpenda. Alikuwa na sufuria moja nzuri, nzito, aliyokimbia nayo, na hiyo sufuria ilikuwa ikizunguka hema kwa hema kama mjumbe wa nyumba kumi. Unga wake aliugawa. Mhubiri mmoja aliyekuja Jumapili alimsimamisha mbele za watu, akasema mtazameni huyu dada. Nyambura aliangalia chini. Sisi tukasema ni unyenyekevu.

Kwenye fomu yake, penye kujilaumu, niliandika sifuri. Niliiandika kwa mkono wangu, ikawa ya mviringo kabisa. Tena tukafanya jambo lingine la kijinga. Kwa kuwa tulimwona mzima kuliko wote, tukamwomba awe akiwakusanya wale wanawake waliokuwa na vizibo vingi, awapikie chai, awasikilize. Akakubali mara moja. Hakuuliza hata ni siku ngapi.

Wiki kama tatu zikapita. Siku ya kupima watoto nilikuwa nikisaidia, kazi yangu ni kumvalisha mtoto ule mfuko wenye mashimo ya miguu na kumning'iniza kwenye mizani. Mtoto wa Nyambura nilimning'iniza, mshale ukasogea kidogo ukachoka. Nesi wa kupima akasoma, akaangalia kadi, akasoma tena.

"Huyu ameshuka. Ameshuka tena. Mama, unamnyonyesha?"

"Namnyonyesha," Nyambura akasema.

"Na wewe unakula nini?"

Kabla hajajibu, wanawake waliokuwa kwenye foleni wakajibia. "Huyo? Huyo anatulisha sisi!" mmoja akasema, wakacheka, kucheka kwa kumpenda. "Muulizeni jana amekula nini, hata mimi sijawahi kumwona akitafuna."

Sista Chebet alikuwa amesimama nyuma ya meza. Alimtazama Nyambura kutoka juu hadi chini, na mimi nikafuata macho yake. Sketi ilikuwa imefungwa kiunoni kwa kamba ya gunia, imezungushwa mara mbili. Nilikuwa nimepita mbele ya hiyo kamba kila siku.

Sista akanivuta kando.

"Mama Muthoni. Kikombe cha huyu kilirudi na nini?"

"Kilirudi kitupu. Si nilikuambia?"

"Nilikusikia. Sasa nakuuliza kitu cha nyumbani, si cha fomu. Jirani akikuletea githeri kwa bakuli lake, wewe unarudisha bakuli vipi?"

"Na kitu ndani," nikasema. "Hata kama ni viazi viwili. Hata chumvi."

"Kwetu pia. Kibuyu cha maziwa hakirudi hivi hivi. Sasa hebu fikiria. Watu wote hawa wamekuwekea viwili, hata wasio na neno moyoni, kwa sababu wewe ni mama wa watu na kikombe ni chako. Wamekuwekea adabu. Huyu peke yake amekurudishia chombo kitupu, mara mbili, na ni mtoto wa nyumba nzuri. Hukuona?"

Nilikaa juu ya jerikeni. Sikuwa nimeona. Mimi, niliyelelewa kwa hiyo desturi, niliyewachapa watoto wangu kwa hiyo desturi, nilikuwa nimeshika kikombe kitupu mkononi nikaandika kwamba mwenyewe ni mzima.

Mtoto na mama walipelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Daktari Nisha alituambia ukweli: mtoto akiendelea hivyo hamalizi mwezi, na mama hayuko mbali naye. Jioni nilikwenda wadini. Mtoto alikuwa akipewa maziwa kwa kijiko. Nyambura alikuwa amekalia ukingo wa kitanda, ukingo tu, kama mtu aliyepanda gari bila nauli. Sahani yake ya chakula alikuwa amempa mgonjwa wa kitanda cha pili.

Nikamuuliza bila kuzunguka, maana kuzunguka sijui. "Nyambura, kwa nini hukuweka kitu kwenye kikombe?"

"Ningeweka, mngeniandikia msaada."

"Sasa?"

"Nani amesema mimi nastahili msaada?" Aliongea polepole, bila machozi. "Wale walioweka, ni watu wamefanyiwa ubaya. Mimi ndiye nimefanya." Halafu akaniangalia. "Na wewe, mama, nilikurudishia kikombe kitupu. Mara mbili. Hukuuliza."

Nilichukua sahani kwa yule mgonjwa wa pili, nikairudisha.

Kosa lake lilikuwa hili. Siku walipokimbia mume alikuwa ametangulia njiani, na yeye alikuwa na mama mkwe wake, kikongwe asiyetembea vizuri. Nyambura alifunga mtoto mgongoni, akaweka fungu la blanketi kichwani, mkono mmoja akashika sufuria, mkono wa pili akamshika kikongwe. Koti la kikongwe, koti zito la sufu, likabaki kwenye msumari nyuma ya mlango. Kambini baridi ikamwingia kikongwe kifuani, na mwanzoni mwa mwezi wa pili, kabla sisi hatujafika, akafa. Hilo lilikuwa kosa lenye kwao. Lakini kufikia siku tuliyomuuliza, lilikuwa limeshahama. Kikohozi cha watoto wa hema la tatu, ni yeye. Mume kukosa kibarua, ni yeye. Mvua iliyong'oa mahema, ni yeye pia. Na maziwa kukauka ilikuwa hukumu, na hukumu haikatiwi rufaa.

Mume alikuwa akimwambia kila siku, si kosa lako. Mhubiri alimwambia, si kosa lako. Mimi pia nilifungua mdomo, Sista akanikanyaga mguu. Nje akaniambia, "Ukimwambia si kosa lake, anajua hukumsikiliza. Ataongeza na hilo, kwamba amekusumbua."

Daktari alimwanzishia vidonge, na vidonge ni polepole, msiwadanganye watu. Wiki mbili tatu mgonjwa anameza na haoni kitu. Wakati huo huo Sista alifanya jambo ambalo sijaliona kwenye fomu yoyote. Alimwomba mume alete ile sufuria na lile blanketi. Akamsimamisha Nyambura katikati ya chumba cha chai cha manesi.

"Nionyeshe mlivyotoka," akamwambia.

Nyambura akafunga mtoto mgongoni. Akaweka blanketi kichwani. Akashika sufuria.

"Na mama mkwe?"

Sista akanielekezea mimi kwa kidevu. Wakati ule nilikuwa na kilo tisini, na hazikuwa za mchezo. Nikamshika Nyambura mkono, nikaegemea kama kikongwe anavyoegemea, kwa uzito wote.

"Tembeeni."

Tukatembea, ukutani na kurudi, ukutani na kurudi. Nyambura alikuwa akipumua kwa mdomo. Mara ya nne Sista akavua koti lake mwenyewe, lile la bluu, akalitundika kwenye msumari wa mlango.

"Haya. Chukua koti."

Nyambura akasimama mbele ya mlango. Akaangalia mkono wa sufuria. Akaangalia mkono niliokuwa nimeuning'inia. Akajaribu kunisogeza, nikayumba, nusura nianguke kweli. Si maigizo, magoti yangu ni mabovu. Akanidaka.

"Ningeacha sufuria," akasema.

"Ungeacha sufuria," Sista akakubali. "Mama mkwe alikula nini kule kambini, hizo wiki zote?"

"Uji."

"Wa sufuria gani?"

Nyambura akaitazama ile iliyokuwa mkononi mwake. Mtoto akaanza kumkuna mgongoni. Halafu akasema, "Mkono unauma," akaweka sufuria chini. Hakulia, hakuna aliyeimba. Sista alimwambia akae, akakaa, na alikaa kwenye kiti chote.

Msiondoke hapa mkadhani huo ni muujiza. Siku mbili baadaye alikataa kula tena. Kuna asubuhi alisema mimi nimeumwa magoti kwa ajili yake. Lakini nilikuwa nimeshajifunza kupima, na sikupima kwa kikombe tena. Kila siku nilikuwa nikiuliza vitu viwili tu: leo kosa limelala wapi, na leo umepewa nini ukakikataa? Nikimwambia daktari, anaandika. Kwanza mvua ikaacha kuwa kosa la Nyambura. Halafu kikohozi cha watoto wa watu. Kibarua cha mume kilichukua muda. Mwisho likabaki koti. Koti halikuondoka, na Sista alisema lisiondolewe. Ni la kwake, alimpenda mama mkwe wake na alitamani laiti angelichukua. Lilirudi tu kuwa koti.

Hii ndiyo sehemu ninayotaka muelewe kuliko zote. Hatukuwa tukipima ili lawama iishe. Mtu asiye na lawama hata kidogo, huyo mpelekeni kwa chifu, si hospitali. Tulikuwa tukipima kama lawama imekuwa kubwa kuliko kosa.

Na mnapouliza, msiangalie simu. Angalieni mikono. Angalieni kamba iliyofunga sketi. Jibu likija rahisi sana, "hakuna, hakuna, hakuna," kaeni dakika tano zaidi, mkubali chai, na mwangalie kama yeye mwenyewe anakunywa. Anayesifiwa na mtaa mzima kwa ukarimu, mhesabuni mara mbili. Namba yangu ilikuwa sahihi, vizibo havikudanganya. Ni mimi niliyejua maana ya chombo kitupu nikaamua siku hiyo sijui, kwa kuwa nilikuwa mtu wa fomu sasa.

Mwezi wa tano Nyambura alikuwa amerudi kambini, mtoto ana mashavu. Mimi na Sista tulikwenda kumfuata na fomu ya mwisho, ile ya kuonyesha kama amepona. Tukamkuta kwenye foleni ya bomba la maji, ameshika jerikeni moja, wa nne kutoka mbele. Hatukumwita. Tulisimama kando tukingoja achote.

Akaja Mama Ciku wa safu ya nyuma, mwanamke mpana mwenye sauti, na jerikeni tatu. Hakuangalia foleni. Akaziweka moja kwa moja mbele ya Nyambura, kama mtu anayeweka mzigo kwa kaka yake.

"Wee," Nyambura akasema. "Hizo zimekuja zenyewe?"

"Ai, Nyambura, nipishe tu. Si wewe hunipisha kila siku?"

"Nilikuwa mgonjwa."

Mama Ciku akacheka, akangoja Nyambura naye acheke.

"Nilikuwa mgonjwa," Nyambura akasema tena, safari hii kwa sauti ya kusikika hadi kwenye mahema, na akaisukuma jerikeni ya kwanza kwa mguu mpaka ikaanguka. "Sasa rudi nyuma."

Sista alikuwa ametoa kalamu. Akaifunga, akairudisha mfukoni.

Mama Ciku alirudi nyuma.